Mwiko Ndani ya Kitunga

Raphaël, mume wangu, hakuwa na bosi. Gereji ya pikipiki ilikuwa yake mwenyewe: mabati machache, nguzo zilizoinama, na mbwa aliyelala juu ya matairi mchana kutwa kama meneja. Lakini ilipofika fete ya wafanyakazi, mosi Mei, mume wangu alisimama mbele ya gereji hiyo asubuhi na mapema, akavua kofia, akajiomba ruhusa ya mapumziko kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Bosi, naomba konje ya leo."

Akavaa kofia, akakunja uso. "Konje ya nini?"

Akaivua tena. "Niko na bibi, bosi."

"Ah. Kama uko na bibi, kwenda. Lakini kesho usichelewe!"

Wachuuzi wa Kashebere walicheka hadi mmoja akamwaga mawese. Mimi nilikuwa mlangoni nikipanga kitunga, na sikucheka. Mwanamke asiyecheka wakati mumewe anachekesha barabara nzima, huyo ana jambo moyoni.

Jambo langu lilikuwa chini kabisa ya kitunga, chini ya unga na majani ya sombe na sufuria, limeviringishwa ndani ya kitenge cha bluu. Lilikuwa mwiko wa mama yangu.

Katika ukoo wetu kule Nyabiondo, binti akiolewa mama yake humpa mwiko aliopikia yeye mwenyewe. Binti anaondoka nao, wala harudi nao. Anaweza kurudi kusalimia, kulia msiba, hata kununa wiki nzima, na watu watamuuliza, "Bwana hajambo?" Lakini siku akiingia uwanjani na mwiko mkononi, hakuna atakayemuuliza neno. Watamtandikia mkeka tu. Ndoa imekwisha.

Raphaël alilijua hilo. Siku ya harusi yetu, shangazi yangu Marie alisimama mbele ya watu wa Raphaël, waliokuwa wametoka Walikale na mbuzi zao, akamnyooshea kidole. "Mukwe! Siku utaona huu mwiko umetoka mu jiko yako, usikuje kutuuliza kintu!" Watu walicheka sana, na aliyecheka kuwashinda wote ni bwana harusi.

Sasa nieleze ulitokaje jikoni.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo tulikwenda Walikale kwa mama mkwe wangu, Mama Françoise. Alitupikia nyama ya porini. Mimi ni mtoto wa milimani, nimekua kwa maharage na maziwa. Nyama ile nililamba mchuzi wake tu. Basi Mama Françoise akaweka kijiko chini, wajomba na mashemeji wote wakinyamaza kumsikiliza.

"Huyu mutoto ya milima hakule nyama yetu, hajue pori yetu. Raphaël, nimekwisha kujenga chumba hapa mu lupango, mu uwanja yangu. Mwezi unakuja munahamia, nimufundishe kuwa mwanamuke."

Sikumkasirikia. Mama mkwe ana kazi yake, na yule anaifanya vizuri. Nilimgeukia mume wangu. Mtu anayezungumza na injini, anayezungumza na mbwa, anayejiomba ruhusa na kujijibu! Alikuwa ameinamia sahani yake akiutazama mfupa, kama vile mfupa ndio utakaojibu. Tuliporudi, nilimshika kiuno juu ya pikipiki na kungojea neno kwenye kila daraja. Tulivuka madaraja yote.

Ndipo nikamtumia Mamy ujumbe.

Mamy na mimi tulikutana tukiwa watoto, kambini Kitshanga, chini ya shitingi moja ya plastiki iliyovuja upande wake na upande wangu kwa haki sawa. Tulilala blanketi moja, miguu yake kichwani kwangu. Pale ndipo tulipojifunza kuicheka shida kabla yenyewe haijatucheka. Siku hizi anauza viatu vya mitumba Nyabiondo na anaendesha pikipiki yake mwenyewe, akiwapita wanaume kwenye matope huku akiwapa salamu za kuwapelekea wake zao.

Mpango ulikuwa mwepesi. Tungeshinda mtoni sisi watatu, tule, tupumzike. Jioni ningesema namsindikiza Mamy hadi darajani. Ningepanda nyuma yake, na kitunga changu, hadi Nyabiondo, basi.

"Na Raphaël nimwambie nini?" nilimuuliza alipofika asubuhi ile ya fete, tukiwa jikoni.

"Usimwambie. Si yeye pia hasemake?"

Tulishuka mtoni, Mamy akisukuma pikipiki yake. Raphaël alininyang'anya kitunga akakiweka begani. "Hii iko nzito! Umebeba mawe?"

"Nimebeba chakula yako."

"Basi haiko nzito. Iko mapendo."

Mamy alijifanya anatapika kando ya njia. Kwenye daraja la miti nilibaki nyuma kuosha miguu, nao wakatangulia.

Sitawaficha: ilikuwa siku tamu. Ndiyo iliyoniudhi. Ukiamua kumwacha mtu, unaomba Mungu amfanye mbaya siku hiyo: apige kelele, anuke pombe, akusahau. Wangu aliamka na baraka zake zote. Alitandika mkeka kivulini. Alijisugua mikono kwa mchanga wa mtoni kutoa mafuta ya injini, na kama kawaida mafuta yalibaki chini ya kucha. Nilizifahamu kucha hizo hata gizani. Mamy alitoa fromaji ya Masisi, jibini iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na Raphaël, aliyeapa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu kwamba hiyo ni maziwa yaliyokufa, alikata kipande kikubwa akakila na ndizi mbivu.

"Mutu ya pori!" Mamy alimcheka. "Nani alikufundisha kula fromaji?"

"Bibi yangu. Mapendo inafundisha hata tumbo."

Nikatazama maji.

Kisha Mamy alianza kunisuka. Nilikaa katikati ya magoti yake, na Raphaël akakaa mbele yangu, akishika kitana na nyuzi kama msaidizi wa daktari. Kila Mamy alipoomba uzi, alimpa, lakini macho yake hayakwenda kwenye uzi. Yalikuja kwangu. Yalitazama paji la uso wangu, kovu langu dogo la kambini pembeni mwa jicho, midomo yangu, halafu yakarudi kwenye jicho na kukaa hapo.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza.

"Naangalia njia. Hapa Mamy ameipinda."

"Raphaël!" Mamy akampiga na mkia wa kitana. "Mimi njia zangu hazipindake. Yenye imepinda iko roho yako."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kidole chake kilipita juu ya kovu langu, polepole, kama anayefuta vumbi kwenye picha. Nilifumba macho. Nilikuwa nimejikaza nisimpende siku ile, na kazi hiyo, wapenzi wasomaji, haina konje.

Jua lilipopita utosi, sombe ilikuwa imeiva na maji ya bugali yanachemka. Mamy akajifuta mikono. "Nani anasonga?"

Raphaël akasimama. "Leo iko fete ya wafanyakazi. Mu nyumba yetu mufanyakazi iko nani? Geneviève. Basi leo anapumzika. Nitasonga miye. Nipe mwiko."

"Tutakata kijiti hapa," nikasema haraka. Mtoni watu hukata kijiti. Hakuna anayebeba mwiko wa nyumbani.

"Kijiti ya nini? Mwiko iko mu kitunga. Chini kabisa. Ndani ya kitenge ya bluu."

Mamy aliacha kujifuta mikono. Mimi nilisikia moyo wangu ukidunda kwenye nywele mpya.

"Umeuona wakati gani?" nikauliza.

"Tangu kwa daraja. Kitunga iliinama, kitenge ikafunguka kidogo." Alikwenda, akautoa mwenyewe, akaukunjua. Mwiko ulikuwa mweusi kwa miaka na moto. Ndio kitu pekee ambacho mama alikibeba mkononi siku tuliyokimbia nyumbani; godoro lilibaki, mwiko ukaja. "Nikaifunika vizuri, nikabeba kitunga tena," Raphaël akasema.

"Na umenyamaza." Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Tangu kwa daraja, Raphaël! Umekula fromaji, umeshika kitana, umenishika uso. Umejua naenda, na hata leo umenyamaza."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Ulikuwa unayatafuta hata mu sahani ya mama yako?" Mamy akauliza.

"Mamy, muache."

"Hapana, muache aseme," Raphaël akajibu. "Amesema kweli."

Akapiga magoti mbele ya moto, akamimina unga, akaanza kusonga. Alitupa mgongo. Nadhani ni rahisi kwa mwanamume kusema ukweli akiwa ameshika kitu.

"Papa alikufa nikiwa mudogo," alisema, akigeuza unga. "Mama alitukomalisha yeye peke. Mu nyumba yetu, mama anasema, sisi tunakula. Hakuna mutu alijibuka. Hata mujomba hajibu." Akageuza kwa nguvu zaidi. "Ile siku maneno ilifika hapa, ku koo. Nikaimeza. Nikasema, nitanyamaza, maneno ya mama itapita kama mvua." Akageuza tena, mabega yakipanda na kushuka. "Sikujua, Geneviève... miye nilikuwa chini ya bati. Weye njo ulikuwa unalowana."

Bugali wa muhogo haupendi mtu mwenye hasira na nafsi yake. Alisema neno la mwisho, akasukuma kwa nguvu zote za fundi anayefungua nati yenye kutu, na tukasikia: pau!

Mpini ulibaki mkononi mwake. Upande mwingine ulisimama peke yake katikati ya sufuria kama mtu aliyezama hadi kiunoni.

Mwiko wa mama yangu ulikuwa umeshinda kukimbia, umeshinda kambi, umeshinda unga wa msaada uliokuwa na mchanga, na sasa umeshindwa na mkwe. Machozi yakanijia. Ndipo Mamy akainama juu ya sufuria, akaichungulia kwa makini.

"Sasa umeona huyu mwanaume," alisema polepole. "Hata kuachwa, anaharibu."

Nilicheka. Sikupenda, lakini nilicheka, machozi na kicheko vikiteremka pamoja, na Mamy akacheka, tukashikana tusianguke motoni. Raphaël peke yake hakucheka. Aliuweka mpini juu ya mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akachukua simu yake, akapanda lile jiwe kubwa la mtoni ambapo mtandao hupatikana ukisimama kwa ncha ya vidole.

Akaweka sauti ya nje.

"Mama? Iko Raphaël."

"Najua." Sauti ya Mama Françoise ilikuja na kuku wake nyuma. "Munahama lini? Nimekwisha kupiga chokaa."

Mume wangu alilowana jasho kama aliyesukuma lori. Alinitazama, kule chini.

"Hatuhame, mama."

Hata kuku walinyamaza.

"Unasema?"

"Hatuhame. Tutakuja kukutembelea, tutakuja sana. Lakini nyumba yetu iko Kashebere. Na Geneviève, mama, hakuna mutu wa kumufundisha kuwa mwanamuke. Nilimukuta iko mwanamuke tayari. Njo maana nilimuoa."

"Huyo bibi iko pale?"

"Iko hapa. Anasikia."

"Basi asikie mu..."

Simu ikakatika. Raphaël aliishusha, akaitazama.

"Labda iko rezo," Mamy alisema kwa huruma.

"Hapana. Rezo iko muzuri. Mama njo amekata."

Alikaa juu ya jiwe. Nilitaka kupanda nimfuate, na miguu ilikataa; ilikuwa bado ya mwanamke anayeondoka. Mto ulipita. Bugali ukaanza kunuka kuungua. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema jina lake tu, basi, simu ikalia.

Akaruka kama imemwuma, akaiweka sauti ya nje. "Mama?"

"Sasa ile chumba nitaweka nini?"

"Weka mbuzi, mama."

Tulisikia mtu akisonya, Walikale.

"Mbuzi na chokaa," alisema. "Watu watanicheka." Kisha: "Mwambie huyo bibi yako, akikuja, alete maharagi ya kwao. Ile ya hapa inachelewa kuiva."

Akakata.

Haukuwa msamaha. Mama Françoise hana hiyo bidhaa dukani kwake. Lakini mtu anayekuagiza maharage hajakufukuza.

Tulikula ule bugali. Juu ulikuwa mbichi, chini umeungua, katikati mna vibonge vya kumuua mbuzi, na Mamy aliutoa ule mwiko uliozama kwa kuuvuta kama jino. "Mukwe, nimekula kambini," alisema akitafuna, "nimekula njiani, nimekula na njaa na bila njaa. Hii sijawahi." Akaongeza kipande kingine. Raphaël hakugusa chakula. Aliniangalia nikila, akihesabu matonge yangu kana kwamba ningeacha njiani.

Wingu jeusi likakaa juu ya mlima wa upande wa Masisi. Mamy akasimama, akakung'uta nguo, akaenda kuwasha pikipiki yake. Alikuwa ameosha kiti cha nyuma asubuhi ile, kiling'aa.

"Mvua haingoje mutu," alisema, si kwa utani sasa. "Dada, unapanda ao hupande?"

Raphaël alisimama. Nikamwona akitafuta maneno tena, na moyo wangu ukashuka, nikasema hapa, hapa ndipo atakaponyamaza.

"Baki," alisema.

Nilingoja.

"Na kama unaenda, sitakuzuia kwa mukono. Lakini nitakuja nyuma yako mpaka Nyabiondo. Nitasimama mu lupango ya mama yako, mbele ya shangazi Marie na kidole yake, na nitasema yote nimesema leo. Hata kama hawanijibu. Nitasema kila siku mpaka watachoka." Akavua kofia. "Nimechelewa kujifunza kusema, Gege. Usiende wakati nimeanza."

Neno nililolingojea kwenye madaraja yote ya Walikale lilinikuta hapo, miguu majini, nywele zimesukwa nusu. Maana Mamy, nawajulisha, hakumaliza upande wa kushoto.

Nilikwenda kwenye mkeka. Niliuokota mpini wa mwiko, nikaufunga ndani ya kitenge cha bluu, nikampelekea Mamy pale juu ya pikipiki.

"Mupe mama."

Mamy aliutazama, akanitazama. "Na akifikiri ndoa imekwisha? Huu ukiingia mu lupango, hakuna mutu anauliza."

"Huu iko nusu. Watauliza. Mwambie ulivunjika mu mukono ya mukwe wake, akinipikia. Mwambie nusu ya pili iko kwangu."

Macho ya Mamy yakang'aa. "Tena nitamwambia na bugali ilikuwa mubaya," alisema. Akautia mpini kifuani, ndani ya koti, akamgeukia Raphaël. "Weye! Mara ya pili nikiitwa hapa, nakuja na camion, lori nzima, nabeba mpaka mabati." Akaondoka kabla hajaonekana akilia, na matope ya Kashebere yakaruka nyuma yake kama kuku.

Mvua ilitukuta kwenye kibanda cha wavuvi pale mtoni, bati moja juu, hakuna kuta. Raphaël alikuwa amekata tawi gumu njiani. Marehemu baba yake, mwindaji, alimfundisha kuchonga kabla hajamfundisha kutembea porini. Alikaa na panga, maganda yakimwangukia miguuni, na kipande cha mti kikaanza kupata shingo na bega.

"Ule wa mama yako ulikuja na weye," alisema bila kuinua kichwa. "Huu umezaliwa hapa. Si wa Nyabiondo, si wa Walikale."

"Na siku nikikasirika nikaubeba huu?"

Akafikiri. Alinyamaza kidogo, nami nikamwachia. Ulikuwa ukimya wa kazi.

"Utaubeba," alisema. "Lakini iko wetu wawili. Itabidi ubebe na miye."

"Weye uko muzito."

"Haiko muzito," akasema. "Iko mapendo."

Hapakuwa na Mamy wa kutapika, basi nilimpiga mwenyewe na ule mwiko usiokamilika, ukaniachia kibanzi kwenye kidole. Aliushika mkono wangu, akauleta karibu na uso wake, akaanza kukitafuta kwa zile kucha nyeusi. Bati lilivuja upande wake. Nikasogea, nikamvuta aje upande wangu mkavu.